Nimechaguliwa niwe "msikilizaji" wa kikundi chetu cha viazi, na mimi ndio hushika kitabu cha madeni. Nikubali?

mkulima_elburgon

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu kidogo nivumilieni, naandika nikiwa kwa kibanda nangoja mvua iishe, na hapa kwetu Elburgon mvua ikianza saa nane haina haraka ya kwenda popote.

Tuko na kikundi cha wakulima 22, tulianza na kununua mbegu ya viazi aina ya Shangi pamoja, baadaye tukaingiza mambo ya kuweka akiba na kukopeshana. Sasa mwezi jana wakaja watu wa mradi fulani na afisa wa afya, wakasema wanataka watu wawili kutoka kila kikundi, si wasomi, wakulima tu, wafunzwe siku nane vile ya kukaa na mtu ambaye mawazo yamemzidi. Unamtembelea mara tano, mara moja kwa wiki, hakuna dawa unapeana, na kila wiki kuna nasi, yaani muuguzi, anakupigia unamweleza vile mnaendelea. Mshahara hakuna, ni nauli na chai. Kikundi kikapiga kura na jina langu likatoka. Nafikiri ni kwa sababu sinywi na huwa siongei sana.

Kuna jamaa wetu tulimpoteza mwaka jana. Sitaandika vile ilikuwa. Ile Jumanne nilikuwa na yeye tukihesabu magunia, broka alikuwa amekuja na gunia zile za kujazwa kupita mdomo na kufungwa kilemba juu, tunaita mukorino, na sheria tangu 2019 inasema gunia la viazi lisipite kilo 50 lakini ukimtajia broka sheria anapanda lori anaenda kwa jirani yako. Bei ilikuwa mbaya sana. Jamaa akacheka akasema hii pesa haiwezi kuzika hata panya. Tukacheka wote. Ijumaa tukaitwa.

Kwa matanga kila mtu alikuwa anasema aki alikuwa sawa tu, si tulimwona na pikipiki juzi. Mimi nilinyamaza. Kwa sababu ile mwaka ya mbolea feki, 2024, mimi mwenyewe nililala karibu wiki tatu na hakuna mtu nje ya boma langu alijua. Bibi alikuwa anakama ng'ombe, anapeleka maziwa, anarudi ananipata vile aliniacha nimeangalia mabati. Kuna misumari 34 kwa ile mabati iko juu ya kitanda chetu, najua kwa sababu nilizihesabu hadi nikachoka. Tukiulizwa alikuwa anasema niko na malaria.

Sikumwambia mtu. Na huyo jamaa naye hakuniambia, tukabaki kuhesabu magunia.

Kwa hivyo roho yangu inataka hii kazi. Lakini shida ni kitabu. Mimi ndio mweka hazina, nani amekopa, nani amechelewa, nani ametoroka mikutano mitatu mfululizo, yote ni mimi naandika. Na ukiniuliza nani hapa ako na mawazo mengi nitakupa majina yale yale yako na alama nyekundu. Sasa mimi nibishe hodi kwa mtu kama huyo nimwambie nimekuja kukusikiliza? Ataamini vipi?

Mwenye amewahi kufanya hii kazi aniambie ukweli.

Bwana_Kejeli

Yaani siku hizi hata kulia kuna treningi ya siku nane na chai juu yake. Nitajiunga mkiongeza mandazi.

kijana_wa_kitale

Mimi nitasema ile kitu hamtaki kusikia. Mkulima haumwi na akili, anaumwa na bei. Mpe mtu wa mahindi bei yake na mbolea kwa wakati uone kama hatalala usingizi kama mtoto. Hii mambo ya kumkalisha mtu chini mara tano muongee ni kumfunza avumilie kuibiwa. Tena angalia vile ni bei rahisi kwa wenye mradi, daktari wa akili hawataki kulipa kwa hivyo wanachukua mkulima mwenye pia ako na stresi zake wanampa nauli. Mzee wangu amelima miaka 40 hapa Trans Nzoia, mwaka wa viwavi wa 2017 alipoteza karibu ekari zote na kile kilimuinua ni mahindi ya mwaka uliofuata. Hakuna mtu alikuja kumsikiliza.

NyarNyando

Kijana umesema ukweli lakini ni nusu. Bei ni ugonjwa, sawa, nakubali kabisa, huku kwetu Nyando mafuriko yakipita na mpunga unajua mwenyewe. Lakini bei ikirudi si kila mtu hurudi nayo. Huku tunasema paro mang'eny, mawazo yamekuwa mengi, na mtu wa paro mang'eny hata umpe mbegu bure haendi kupanda. Niliona kwa baba mdogo wangu, mbegu ilikaa kwa nyumba mpaka panya wakamaliza na shamba lilikuwa limelimwa tayari na trekta la kulipiwa.

Na kusema hii kitu ni ya kutuliza watu tu si kweli, imepimwa. Hapo Uganda tu, Masaka na Rakai, wakulima wa kawaida, vijiji 30, wakati ukimwi ulikuwa umemaliza watu. Wakachukua wenyeji wa huko huko, wamemaliza shule ya upili tu, wakafunzwa wiki mbili, wakawa wanakaa na vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalitoka 2003. Kabla ya kuanza, karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa na dipreshoni yenyewe. Mwisho, wale walikuwa kwa vikundi walibaki kama 7 kwa mia, wale wa vijiji vingine ambao hawakupata walikuwa bado 55 kwa mia. Na hakuna mtu aliongezewa bei ya kahawa wala ndizi katikati.

Zimbabwe nayo, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 na akina nyanya 14 pale Mbare, Harare, wanakaa na mtu kwa benchi ya mbao nje ya kliniki. Wanaita huo ugonjwa kufungisisa, na maana yake ni ile ile, kuwaza kupita kiasi. Wakapima watu 573, matokeo yakatoka 2016, baada ya miezi sita wale wa benchi wenye dalili bado walikuwa 14 kwa mia, wale wengine 50 kwa mia.

kijana_wa_kitale

Harare ni mji dada. Mtu anatoka kliniki anakaa kwa benchi hakuna mwenye anamjua, wanapishana na watu elfu. Hapa kijijini ukikaa kwa benchi na mtu dakika kumi, kufika jioni wameshajua mlikuwa mnaongea nini na wameongeza chumvi. Na hizo wiki 16 za Uganda, nani ako na wiki 16? Machi kupanda, Mei kupalilia, watu wako shambani giza kwa giza.

Mhudumu_Vihiga

Sasa hapo kwa wiki na majira kijana ameongea kama mtu amefanya hii kazi, hata kama hajui.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Vihiga, wale tulipewa zile begi 2023, nyumba zangu ni mia na kidogo. Posho ni elfu tano kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na ikichelewa tusiingie hapo leo. Mambo ya mawazo niliongezewa baadaye na treningi fupi. Wacha nikuambie yale sikuambiwa kwa treningi, mkulima_elburgon.

Kwanza hakuna mwanaume atakuambia ako na huzuni. Sijawahi kusikia hilo neno kwa mdomo wa mwanaume wa hapa mwenye shamba. Atakuambia kichwa kinauma. Mgongo. Tumbo linawaka. Ng'ombe haitoi maziwa. Kuna mmoja tulianza na kuku wake, kuku walikuwa wanakufa kideri, akanionyesha mmoja mmoja mahali wamezikwa, nusu saa nzima, mimi najiuliza nimekuja kufanya nini hapa. Tukafika kaburi la mwisho akasimama, akasema, "mimi siku hizi nikiamka naona afadhali ingekuwa usiku." Kama ningemkata kwa kuku nisingesikia hiyo.

Alafu usikae na mtu mkiangaliana macho. Kwa kitabu wanasema mkae mahali pa faragha, viti viwili. Hapa kwetu wanaume wawili wakifungiana kwa nyumba na viti viwili ni kesi ya ardhi ama ni deni. Beba jembe. Ingia kwa laini ya pili mpalilie pamoja, yeye laini yake, wewe yako, mnaongea mkiangalia chini. Hiyo ndio jibu la majira pia, mimi sijawahi kungoja mtu amalize kupalilia.

Na ukiingia na begi ya afya watu wanafikiria TB ama ukimwi. Wewe uko na bahati, huna begi.

Zile ziara tano, mradi wenu ukiwa unafuata ule mpangilio wa WHO, shirika la afya duniani, nafikiri ni yale tulifunzwa sisi, unamfunza kupumua polepole, mnachagua shida moja yenye mnaweza kugusa, mnarudisha kazi ndogo ndogo zenye ameacha, alafu mnatafuta watu wake. Hayo mambo yalijaribiwa hapa hapa Nairobi na wanawake zaidi ya 400 waliokuwa wamepitia ukatili, na waliofanya kazi walikuwa wahudumu kama sisi, si madaktari, matokeo yakatoka 2017, wakawa wamepata nafuu kuliko wale walitumwa kliniki kawaida. Si uchawi. Kati ya watu wangu tisa wa mwaka uliopita watano naweza sema walirudi, wawili hivi hivi, mmoja alihama, mmoja akakataa nikienda mara ya pili, alinifungulia mbwa.

Bwana_Kejeli

Mbwa naye anahitaji kusikilizwa.

Miwa_Chungu

Mimi niko upande ule mwingine wa hii story, mimi ndio nilitembelewa. Kakamega, miwa. Sijawahi kuandika hii mahali.

Wenye hawajui miwa wacha niwaambie. Unapanda, unangoja miezi 18 hivi, ikikomaa unangoja barua ya kukata, ikikatwa unangoja lori, lori likibeba unangoja malipo, na wakati wote huo miwa inakauka inapoteza kilo na wewe unakatwa pesa ya mbegu, ya mbolea, ya kukata, ya kubeba. Kiwanda sitataja. Mimi nilingoja malipo karibu mwaka. Watoto wawili walikuwa shule ya upili. Nikachukua mkopo wa simu kulipa karo, nikachukua mwingine kulipa ule wa kwanza, mnajua vile hiyo hucheza.

Kitu ya kwanza kufa kwangu ilikuwa simu. Ikilia nasikia kama mtu amenimwagia maji baridi, nikaanza kuiweka kwa sufuria nafunika. Alafu kanisa, kwa sababu ya michango. Alafu kuoga. Bibi akaenda kwao na mdogo, si kwa ubaya, chakula ilikuwa huko.

Akaja jirani wa kijiji cha pili, namjua kwa uso tu, naye ni wa miwa. Nilijua ametumwa na shailoki, wale wa kukopesha kwa riba kali. Nikatoka nyuma kwa migomba. Akakaa kwa mlango kama saa moja, nikimwangalia, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi. Nikasema huyu akitaka kuchukua kitanda achukue tu. Kumbe hakuulizia pesa hata kidogo. Aliniuliza tu mara ya mwisho nimelala usingizi ni lini. Sikuwa na jibu, nikaona sijui hata leo ni siku gani.

Wakuu hakuna kitu kubwa alinifanyia. Nilikuwa na sukuma nyuma ya nyumba imemezwa na magugu, laini kama kumi. Akasema wiki hii palilia laini mbili. Sio shamba, laini mbili, na uandike siku umepalilia kwa karatasi. Nikapalilia moja. Nilikuwa na aibu kumwambia ni moja, na alipokuja akaenda akaiangalia hiyo moja, akachutama, akang'oa gugu lenye nilikuwa nimeacha, akasema sasa bado ile nyingine. Kama angesema "jikaze wewe ni mwanaume" ama "mwombe Mungu" ningerudi kwa migomba. Hayo nilikuwa nimeambiwa na kila mtu.

Deni haikuisha. Kijana wa Kitale uko sawa, deni iko mpaka wa leo ingawa imepungua. Lakini niliweza kutoa simu kwa sufuria nikapiga hesabu ya yenye ninadaiwa, ambayo nilikuwa naogopa kama nyoka, na ilikuwa ndogo kuliko ile nilikuwa nayo kwa kichwa.

Kwa swali lako mkulima: kama yule jirani angekuwa ndio mwenye ananidai, singetoka kwa migomba. Kamwe.

kijana_wa_kitale

Miwa pole sana bro. Sikuwa nasema hivyo kwa kudharau.

Lakini sasa umemaliza uzi. Mwenye kitabu hawezi.

mkulima_elburgon

Nimesoma hii ya Miwa mara tatu, asante sana ndugu yangu.

Lakini sioni kama ni rahisi hivyo. Nikikataa, wa pili kwa kura ni mtu mzuri lakini mdomo wake ni redio, na nisemeje kwa mkutano, nimekataa kwa sababu siwezi kuwa na siri zenu mbili? Watajua namaanisha nani. Pia nikijitoa kwa kitabu watasema nimekula pesa. Hapa kwetu mweka hazina akijiuzulu bila kuugua, watu wanaanza kuhesabu.

nasi_wa_zamu

Habari za jioni. Niko upande wa afya ya akili Kisumu, nimetoka zamu nikaona huu uzi na sijalala vizuri kwa hivyo mnisamehe nikiandika vibaya.

Mkulima, kazi mbili kwa mtu mmoja huwa hatuiti dhambi, tunasema ni mgongano na unaondolewa kabla ya kuanza. Njia iko. Vikundi vyenye vimefanya hii vizuri hubadilishana, wewe unasikiliza watu wa kikundi cha ng'ambo ya mto, wao wanasikiliza wenu. Mtu anakubali kuongea na mkulima mwenzake kwa sababu anajua blaiti, ule ugonjwa wa viazi, ni nini na broka ni nani, si lazima awe mkulima mwenye anaona nyumba yake kutoka dirishani. Jirani wa Miwa alikuwa wa kijiji cha pili, umesoma hapo? Waambie wenye mradi hivyo. Wakikataa basi rudisha kitabu, na ukirudisha omba hesabu ikaguliwe mbele ya kila mtu hiyo hiyo siku, hakuna mwenye atasema umekula.

Sasa yale ya maana zaidi kwangu, kwa sababu mnaongea kana kwamba kila mtu ataponywa na laini mbili za sukuma.

Utakuwa na karatasi ya maswali tisa. Kila swali ni sifuri hadi tatu, jumla ni 27, na kuanzia kumi tunaanza kuangalia vizuri. Watu wengi wakifika lile swali la tisa, kuhusu mawazo ya afadhali kufa ama kujiumiza, wanalisoma haraka haraka kama wanaogopa litawasikia. Usifanye hivyo. Uliza polepole, kwa maneno ya nyumbani, na umwangalie. Kuuliza hakumpandi mtu wazo. Mara nyingi ni mara ya kwanza mtu amepata ruhusa ya kulisema na unaona mabega yanashuka.

Akisema ndiyo, usimwachie bibi yake wala mchungaji ukaenda. Unauliza kama ako na mpango, unapiga simu kwa huyo nasi wenu hapo hapo si Ijumaa, na unakaa na yeye mpaka mtu mwingine afike. Na jambo moja la wakulima hasa: dawa za shamba. Zile za kunyunyiza zisikae kwa nyumba ya kulala wala chini ya kitanda, ziwe kwa sanduku la kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu mwingine, ama zipelekwe kwa jirani kwa hizo wiki mbaya. Saa mbaya sana za mtu huwa zinapita, kazi yako ni zipite bila kitu karibu. Hili ni jambo la mkulima kumwambia mkulima, mimi nikilisema kwa koti nyeupe wanaona nawashuku.

Yule hasikii njaa kabisa siku kadhaa, ama anasikia sauti, ama wiki hii hajalala kabisa na ako na furaha ya ajabu anataka kununua trekta tatu, ama anatetemeka akikosa chang'aa asubuhi, hao si wako. Ni wetu, walete. Dawa ziko na zinafanya kazi lakini huchukua wiki kadhaa kuanza kusikika, kwa hivyo usaidie mtu asiache siku ya nne.

Na muwaambie watu kwamba si kesi ya polisi tena. Kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichokuwa kinafunga mtu hadi miaka miwili kwa kujaribu kujiua, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kinaenda kinyume na katiba. Nimekutana na familia inaficha mgonjwa kwa sababu ya kuogopa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Ukishindwa kupata mtu wowote, 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Bwana_Kejeli

Hiyo 1199 inaingia hata kama laini haina kredo?

nasi_wa_zamu

Inaingia, ni ya bure. Uko sawa?

Bwana_Kejeli

Ni ya mtu. Asante.

NyarNyando

Bwana Kejeli ukitaka kuongea kisanduku changu kiko wazi, hata usiku.

Nikirudi kwa mada, ile ya kubadilishana naiunga mkono lakini msisahau akina mama. Kwenye utafiti ule wa Uganda vikundi vya wanaume vilikuwa peke yake na vya wanawake peke yake. Mama mwenye mawazo mara nyingi shida yake iko kwa meza moja na yeye anakula ugali, atakuambiaje wewe mwanaume ambaye kesho utakunywa chai na bwana yake? Mkulima hakikisha yule wa pili kwenu ni mwanamke, na awe mtu ameshazaa na kuzika, msichague kasichana ka Kiingereza kwa sababu kataandika ripoti mzuri.

kijana_wa_kitale

Bado nasema bei. Lakini basi wafanye na hizo zingine. India kule Vidarbha kwenye pamba, mahali wakulima wanamalizwa na madeni, nimesoma usiku huu kwamba walifanya mpango wa vijiji 30, na wenye dipreshoni waliotafuta msaada wakapanda kutoka 4 kwa mia hadi 27 kwa mia kwa mwaka mmoja na nusu. Ni kubwa. Lakini hesabu ile ingine basi, 73 bado wako nyumbani wanaangalia mabati.

Mhudumu_Vihiga

Ndio maana tunatembea kijana.

mkulima_elburgon

Wakuu nimerudi. Najua ni wiki nyingi, viazi vilikuwa vinatoka.

Nilipeleka hiyo maneno ya kubadilishana kwa mkutano, wale wa mradi wakasema si kawaida yao, afisa wa afya akasema basi iwe. Mimi nachukua watu wa kikundi cha juu karibu na msitu, wa kule wanashuka kwetu. Kitabu nikarudisha pia, na hesabu ikasomwa mbele ya wote kama nasi alisema, ikapungua shilingi 140, nikalipa hapo hapo, wakacheka sana, na ikaisha. Yule wa pili ni mama, amezika bwana na mtoto mmoja, NyarNyando nilikusikia.

Mtu wangu wa kwanza ni mzee. Sitasema zaidi ya hapo. Ziara ya kwanza tuliongea juu ya ng'ombe mwenye titi limefura, dakika arobaini hivi, nikakumbuka kuku wa Vihiga nikanyamaza. Ziara ya pili ng'ombe tena. Nikampigia nasi wetu nikamwambia mimi nimegeuka daktari wa mifugo, akaniambia rudi. Ya tatu nikabeba jembe. Tukiwa kwa laini ya nne ama tano akasema, bila kuangalia, kijana wake wa mwisho hajapiga simu tangu Krismasi, na ng'ombe alikuwa wa huyo kijana. Hapo nikaelewa nilikuwa nimeambiwa kutoka siku ya kwanza.

Nilimuuliza swali la tisa vile nasi alisema, polepole. Mikono yangu ndio ilikuwa inatetemeka si yake. Akasema hapana, lakini kuna siku alifikiria asiamke. Dawa zake za viazi ziko kwangu sasa, kwa sanduku la mbao, na ufunguo ako nao bibi yangu. Wiki hii kazi yake ni kumtumia kijana meseji moja. Hajatuma. Ameandika, amenionyesha, iko hapo kwa simu haijatumwa.

Sasa niko na swali lingine dogo. Jana nikitoka akanipa ndoo ya viazi, vile vikubwa vya kuchagua, na tuliambiwa tusipokee kitu. Nikasema hapana mzee, na uso wake ukaanguka nikaona nimeharibu. Mhudumu nyinyi hufanya aje?

Mhudumu_Vihiga

Pokea bana! Ukikataa ndoo ya mzee umemwambia hana kitu cha kumpa mtu, na hiyo ndio ugonjwa wenyewe unajaribu kutoa. Mwambie nasi wenu ili isiwe siri. Na ndoo usirudishe tupu.

mkulima_elburgon

Sawa. Niko na mboga ya terere hapa nyuma, nitaiweka.

Miwa_Chungu

Weka sukuma.